Uzi maalumu wa The Allman Brothers Band: nilifuata magitaa, nimenasa kwenye drams

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kama umewahi kutazama Top Gear, kile kipindi cha magari cha BBC, kuna kipande chao kimoja unakijua hata kama jina lao hujawahi kulisikia. Ule muziki usio na maneno uliokuwa ukifungua kipindi unaitwa "Jessica". Waliupiga The Allman Brothers Band na ulitoka mwaka 1973 kwenye albamu yao Brothers and Sisters. Kipindi kilipoanza miaka ya 1970 kilitumia rekodi yao wenyewe. Ile ya kuanzia 2002, ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye dishi, imepigwa upya na watu wengine. Kwa hiyo itafuteni ya asili. Inakwenda dakika saba na zaidi, na katikati kuna piano ambayo kwenye televisheni haifiki kabisa.

Jessica ni binti wa mpiga gitaa wao, Dickey Betts. Alikuwa mtoto mdogo, anarukaruka akisikia baba yake anapiga, na baba akawa anaisaka sauti ya ule mruko. Tena alitaka kipande kinachoweza kupigwa kwa vidole viwili tu vya mkono wa kushoto, kumuenzi Django Reinhardt, gwiji wa gitaa la jazi wa Ulaya aliyeungua mkono kwenye moto akabaki na vidole viwili vinavyofanya kazi vizuri. Basi ukiwa na gitaa nyumbani, jaribu.

Mimi niliingilia mlango huo. Nilipenda magitaa mawili yanayoimba wimbo mmoja, moja juu moja chini, yanaachana na kukutana tena. Nikasema ngoja nisikilize na nyingine, na sijatoka huko hadi leo. Sioni uzi wowote wa Kiswahili unaoizungumza bendi hii inavyostahili, kwa hiyo naufungua huu. Nitakuwa nauongeza kidogo kidogo. Karibuni kwa maswali, na wanaozijua bendi za Kusini mwa Marekani mje mnisaidie.

Mdau wa Moshi

Mkuu nimeweka kambi hapa. Swali la haraka: hawa ni kantri au ni roki? Maana ukisema Kusini mwa Marekani mimi naona farasi na kofia pana.

Mleta uzi

Mkuu wa Moshi, ni roki, lakini imepikwa na bluzi nyingi, jazi ya kutosha, na kantri kidogo iliyokuja na Betts. Watu wanaiita roki ya Kusini na kuwataja hawa kama waanzilishi. Gregg Allman, mwimbaji wao, mwenyewe hakulipenda jina hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba roki yenyewe ilizaliwa Kusini, kwa hiyo ukisema roki ya Kusini umerudia kitu kilekile.

Historia yao kwa ufupi. Ndugu wawili, Duane na Gregg Allman, walizaliwa Nashville, Duane 1946 na Gregg 1947. Baba yao aliuawa Desemba 1949 na mtu aliyempa lifti kwenye gari. Mama akawalea peke yake, na mwaka 1959 wakahamia Daytona Beach, Florida. Gregg ndiye aliyeanza kushika gitaa, Duane akamnyang'anya na kumpita mbali. Hilo Gregg alilisimulia maisha yake yote bila kinyongo. Yeye akageukia kuimba, na baadaye ogani la Hammond.

Kabla ya bendi, Duane alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa pale Muscle Shoals, Alabama, kwenye studio za FAME. Mtoto wa Kizungu mwenye nywele hadi mabegani, anawapigia Wilson Pickett, Clarence Carter, Aretha Franklin. Ile rekodi ya Pickett ya mwaka 1968 ya wimbo wa Beatles, "Hey Jude", sikilizeni inavyomalizikia. Gitaa linalopiga kelele pamoja na Pickett pale mwishoni ni lake. Eric Clapton, mpiga gitaa maarufu wa Uingereza, alipoisikia kwenye redio alitaka kujua ni nani huyo. Miaka miwili baadaye wakakaa wote studio kule Miami kurekodi albamu ya Layla.

Lakini Duane hakutaka kubaki mtu wa kukodiwa. Machi 1969 akawakusanya watu Jacksonville, Florida: Berry Oakley kwenye besi, Dickey Betts gitaa la pili, Butch Trucks kwenye drams, na mpiga drams mwingine aliyetoka naye Muscle Shoals, Jai Johanny Johanson, ambaye wote wanamwita Jaimoe. Walipopiga pamoja mara ya kwanza waliendelea kwa masaa. Inasimuliwa kwamba walipomaliza Duane alisimama mlangoni akasema asiyetaka kuwa kwenye bendi hii atalazimika kupigana naye ndipo atoke. Akampigia simu mdogo wake aliyekuwa Los Angeles, Gregg akaja, wakawa sita.

Shikeni jina la Jaimoe, nitalirudia.

Dada wa Mombasa

Ndugu yangu, hebu nikuulize kabla hujaenda mbali. Bendi za huko Kusini si ndizo zinazopandisha ile bendera ya waliopigania utumwa? Mimi huwa nikiiona tu hamu inakatika, hata muziki uwe mtamu vipi.

Mleta uzi

Dada, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Bendi zilizopandisha ile bendera jukwaani zilikuwepo. Lynyrd Skynyrd, ambao nao ni wa Jacksonville, waliitumia kwa miaka mingi, na mtu akikasirika namwelewa kabisa.

Sasa weka hilo pembeni, uangalie picha ya The Allman Brothers ya mwaka 1969. Jaimoe ni Mmarekani Mweusi wa Mississippi. Kabla ya hapo alikuwa amempigia drams Otis Redding kwenye ziara, pia Percy Sledge na Joe Tex. Sheria ya haki za kiraia iliyopiga marufuku kubagua watu hotelini na kwenye migahawa ilikuwa na miaka mitano tu tangu ipitishwe 1964. Sheria imeandikwa Washington, lakini mwenye mgahawa wa kijijini Georgia au Alabama hajabadilika moyo. Watu hawa walizunguka kwenye gari moja, walilala nyumba moja, walikula sahani moja. Hawakuwa wanahubiri siasa. Waliishi tu hivyo, mahali ambapo kuishi hivyo kulikuwa na hatari yake.

Na chakula chenyewe walikipata wapi? Meneja wao, Phil Walden, aliyekuwa meneja wa Otis Redding hadi Otis alipofariki kwenye ajali ya ndege Desemba 1967, aliwahamishia Macon, Georgia, mji wake, alikoanzisha kampuni ya Capricorn Records. Macon hawakuwa na hela. Kulikuwa na mgahawa mdogo unaitwa H&H, uliofunguliwa 1959 na wanawake wawili weusi, Inez Hill na Louise Hudson. Vijana wakaingia wakiwa na pesa ya sahani mbili na watu wengi wa kuzila. Mama Louise akaona hali, akawapakulia wote. Aliendelea kuwalisha kwa mkopo ambao hakuna aliyejua kama utalipwa. Walipofanikiwa walirudi, wakalipa, na ziara ya 1972 walimchukua wakaenda naye. Hadi uzeeni alikuwa anawaita watoto wake.

Dada, mimi siwezi kusikiliza bendi hii bila kumkumbuka huyo mama. Kila noti iliyorekodiwa Macon miaka ile ina ubwabwa na kuku wake ndani.

Dada wa Mombasa

Ahsante kwa kunijibu vizuri. Sasa nitawasikiliza. Endelea.

Mpiga gitaa la kanisani

Shalom wakuu. Mleta uzi, nimesikiliza wimbo wao "Statesboro Blues". Ile sauti ya gitaa inayolia kama mtu, haina vituo, inapanda bila ngazi, Duane anaifanyaje? Mimi nikijaribu kuvuta uzi kwa kidole naishia katikati.

Mleta uzi

Mtumishi, hapo hatumii kidole. Anavaa kichupa cha kioo kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi bila kuzikandamiza kwenye mbao. Kwa kuwa uzi haugusi vile vyuma vya shingo ya gitaa, sauti haina vituo. Inakwenda popote kichupa kinapokwenda. Ugumu wake ni sikio. Usiposimamisha kichupa juu kabisa ya mstari wa chuma, umetoka kwenye sauti, na kila mtu amesikia. Nyuzi za nyuma ya kichupa unazituliza kwa vidole vingine, la sivyo zinapiga makelele. Na gitaa lake alilifunga nyuzi kwa mpango wa wazi, yaani ukizipiga bila kushika kitu zinatoa kodi nzima, noti kadhaa zinazolia pamoja. Jaribu wazi ya E.

Kichupa chenyewe kilikuwa cha dawa ya mafua, Coricidin. Gregg alisimulia kwamba Duane alianguka kutoka kwenye farasi akaumia kiwiko, akamlaumu mdogo wake kwa kuwa ndiye aliyetaka waende kupanda farasi, akagoma kuongea naye. Siku ya kuzaliwa ya Duane ikafika. Gregg akaacha mlangoni kichupa cha dawa na santuri ya Taj Mahal, akagonga, akakimbia. Kwenye santuri ile kulikuwa na "Statesboro Blues", wimbo wa Blind Willie McTell wa mwaka 1928, na gitaa la kutelezesha la Jesse Ed Davis. Duane akamwaga vidonge, akaosha kichupa, akaanza. Ndio wimbo huohuo unaofungua albamu yao kubwa kuliko zote.

Sasa nifike kwenye hiyo albamu, maana ndiyo iliyonigeuza kutoka mtu anayependa wimbo mmoja hadi mtu anayefungua uzi.

At Fillmore East. Imerekodiwa jukwaani New York, kwenye ukumbi wa Bill Graham, tarehe 12 na 13 Machi 1971, mtayarishaji Tom Dowd. Ikatoka Julai mwaka huo. Santuri mbili, nyimbo saba tu. Hesabuni wenyewe: wimbo wa mwisho peke yake unachukua upande mzima, dakika ishirini na tatu hivi. Albamu zao mbili za studio za mwanzo hazikuwa zimeuza cha maana, na sababu naiona wazi kila nikizirudia: studio iliwafunga. Wao walikuwa watu wa jukwaa. Walipiga karibu kila usiku, mji huu kesho ule, hadi wakawa wanasomana bila kutazamana. Ukitaka kuwajua usianzie studio. Anzia hapa.

Vaa spika za masikioni. Kila gitaa limewekwa upande wake, kwa hiyo unaweza kumfuata Duane peke yake wimbo mzima, halafu ukarudia ukimfuata Betts. Kwenye "In Memory of Elizabeth Reed", ambao hauna maneno, Betts anaanza kwa kugeuza kitufe cha sauti ya gitaa kwa kidole kidogo: anapiga uzi sauti ikiwa imezimwa, kisha anaifungua taratibu. Pigo la uzi halisikiki, unasikia noti inavimba kutoka kimya, karibu sawa na fidla. Jina aliliokota kwenye kaburi la makaburi ya Rose Hill pale Macon, walikopenda kwenda kukaa na kutunga. Wimbo ulimhusu mwanamke mwingine ambaye hakutaka ajulikane, akamficha nyuma ya jina la marehemu wa zamani.

Albamu hii mwaka 2004 iliingizwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Haki yao.

Mzee wa dansi

Kijana, mimi wa Magomeni, nimekulia kwenye dansi. Nimeisikiliza hiyo ya Elizabeth mara mbili. Nakubali wanajua. Lakini sisi mambo ya magitaa kuongea tumeyajua zamani. Solo anasema, rizimu anajibu, mi-solo kakaa katikati anawasuluhisha. Hawa wanaletewa sifa kana kwamba wao ndio waliogundua.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hilo umelisema sawasawa, na mimi nadhani sababu ya mtu wa kwetu kuwapenda hawa haraka ni hiyohiyo: sikio limeshazoea magitaa yanayosikilizana. Tofauti ninayoisikia ni ya mgawanyo wa kazi. Kwenye dansi kila gitaa lina cheo chake na linakaa humo, utamu unatoka kwenye kufumana. Duane na Betts wote wawili ni solo. Wanapeana zamu, kisha pale pa kuimba wanaimba pamoja melodia moja kwa sauti mbili zilizopishana. Betts alikuwa mtoto wa muziki wa fidla za kijijini, ndiko alikoipata ile hali ya fidla mbili kwenda sambamba. Duane yeye alikuwa amezama kwenye Miles Davis na John Coltrane, magwiji wa jazi, hasa albamu ya Kind of Blue. Ndiyo maana wakianza kuchonga wanakaa juu ya kodi moja au mbili muda mrefu wakijenga, hawana haraka ya kurudi kwenye kiitikio.

Na mzee, kuna jambo litakugusa. Duane alifariki tarehe 29 Oktoba 1971, Macon, akiwa kwenye pikipiki, lori lilimkatiza kwenye makutano ya barabara. Alikuwa na miaka 24. Siku chache tu kabla, albamu ya Fillmore ilikuwa imepata cheti cha dhahabu cha mauzo. Nyinyi mlioambiwa Januari 1979 kwamba Mbaraka Mwinshehe ameondoka kwa ajali ya gari Mombasa, mnajua bendi na mashabiki wanakuwa katika hali gani.

Haikuishia hapo. Novemba 11, 1972, mwaka mmoja na siku chache baadaye, Berry Oakley naye aligongana na basi akiwa kwenye pikipiki, mitaa michache tu kutoka pale alipoanguka Duane. Naye alikuwa na miaka 24. Wamezikwa pamoja Rose Hill, kwenye makaburi yaleyale waliyokuwa wakitungia nyimbo.

Mzee wa dansi

Marahaba. Umenikumbusha siku ile ya Mbaraka. Redio ilitangaza, mtaa ukanyamaza. Mungu awalaze pema wote.

Mdau wa Moshi

Mimi niwe mkweli. Jessica safi, Elizabeth safi. Lakini huo wa dakika 23, "Whipping Post", nimeshindwa. Dakika ya nane nimeuzima. Kila mtu anajionyesha tu. Wimbo mzuri dakika nne unatosha.

Mleta uzi

Mkuu wa Moshi, hapa ndipo nilipotaka tufike. Huo wimbo ndio ulionihamisha masikio, na nakuomba uurudie kwa njia hii: usiyafuate magitaa. Achana nayo kabisa.

Anza na besi. Wimbo unafunguliwa na Berry Oakley peke yake. Hesabu naye: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Umepata kumi na moja. Tatu tatu zimekuzoesha, kisha anakunyima pigo moja na kukurudisha mwanzo kabla hujajiandaa. Ndiyo maana unajisikia kama unasukumwa mgongoni. Gregg aliyeutunga alikuwa na miaka 21 na hakujua kwamba ni mapigo kumi na moja. Aliusikia tu kichwani hivyo, kaka yake ndiye aliyemwambia. Ulimjia usiku, hakuwa na kalamu wala karatasi, akaandika maneno kwa masizi ya njiti za kiberiti kwenye kitambaa cha meza ya kupigia pasi.

Mkiingia kwenye sehemu ya kuimba, mapigo yanatulia, na hapo wafuate wapiga drams. Wako wawili, na hawapigi kitu kimoja. Butch Trucks ndiye mwenye barabara: nguvu, moja kwa moja, hachoki. Jaimoe ni mtu wa jazi, alikuwa anataka kwenda New York kupiga jazi kabla hajakutana na Duane. Yeye anazunguka. Butch anapopiga, Jaimoe anaacha; Butch anapopumua, Jaimoe anajaza kwa matoazi, kwa pigo dogo la pembeni, kwa kitu ambacho ukisikiliza juujuu utadhani ni mwangwi. Kuna mahali karibu na katikati ya huo wimbo bendi nzima inashuka karibu kimya, hakuna mapigo ya kuhesabu, Duane anatafuta noti moja moja. Wengi wanadhani wimbo umepotea. Sikiliza nani anamsindikiza. Kila anachokisema Duane kinapata jibu kutoka kwenye ngoma, dogo, la adabu. Wanasubiriana. Halafu mmoja anaanza kupandisha, na sita wanapanda bila ya mtu kuhesabu.

Mtu anayejionyesha hasubiri, mkuu. Hawa kwa dakika 23 hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Nimeanza kuwafuata hawa kwa sababu ya magitaa, na bado nayapenda. Lakini kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba siri ya bendi hii iko nyuma, kwa Jaimoe, Butch na besi. Wapiga gitaa wakali Marekani walikuwa wengi. Waliokuwa na sakafu kama hii ya kukimbilia walikuwa wachache sana.

Na ushahidi wangu ni kilichotokea baada ya misiba. Duane amekufa, na hawakutafuta gitaa la kukaa kwenye nafasi yake. Mwaka 1972 wakamchukua kijana wa miaka 20 wa piano, Chuck Leavell, ndiye unayemsikia kwenye "Jessica". Oakley amekufa, wakamchukua Lamar Williams, rafiki wa Jaimoe tangu Mississippi, mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam. Kwa hiyo mwaka 1973 bendi kubwa kabisa ya roki ya Kusini ilikuwa na watu wawili weusi kati ya sita, na wote wawili walikuwa kwenye injini. Albamu ya Brothers and Sisters ikaongoza chati, "Ramblin' Man" ikafika namba mbili Marekani. Julai 28 mwaka huo, Watkins Glen, jimbo la New York, walipiga pamoja na Grateful Dead na The Band mbele ya umati unaokadiriwa kuwa watu 600,000. Magitaa mawili yaliyowapa jina yalibaki moja. Sakafu ndiyo iliyowabeba.

Kuhusu Leavell, kwa wadau wa Mafinga na Njombe: baadaye alienda kuwapigia The Rolling Stones kinanda kwa miongo kadhaa, na nyumbani Georgia ni mkulima mkubwa wa miti anayeheshimika kitaifa. Nilipolijua hilo nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Mpiga gitaa la kanisani

Nimehesabu kumi na moja na mpiga drams wetu hapa kanisani. Mara ya kwanza tulipotea wote, ya tatu tukashika. Jumapili hatutathubutu, lakini mazoezini tumekaa nayo jioni nzima. Barikiwa sana.

Iliishaje bendi?

Mleta uzi

Mtumishi umenifurahisha mno. Mwambie mpiga drams wenu asikilize Jaimoe anavyotumia matoazi, asikimbilie nguvu za Butch kwanza.

Miaka iliyofuata sina raha ya kuisimulia, nitapita haraka. Pesa nyingi, dawa za kulevya nyingi, kila mtu na gari lake. Mwishoni mwa 1975 walimpigia Jimmy Carter onyesho la kuchangia kampeni kule Providence, wakati bado Wamarekani wengi hawamjui gavana huyo wa zamani wa Georgia. Mwaka 1976 Gregg akatoa ushahidi mahakamani kwenye kesi ya dawa za kulevya dhidi ya mfanyakazi wao, wenzake wakasema hawatafanya naye kazi tena. Wakavunjika. Wakarudi 1978, wakavunjika 1982. Lamar Williams alifariki kwa saratani 1983, bado kijana.

Mwaka 1989 wakarudi tena, safari hii wakiwa na Warren Haynes kwenye gitaa, na hapo pakaanza maisha ya pili ambayo watu wengi hawayajui. Karibu kila mwaka walikuwa wanapiga kambi ukumbi wa Beacon, New York, usiku baada ya usiku. Walipiga pale zaidi ya mara 200. Mwaka 1999 akaingia Derek Trucks, mtoto wa ndugu yake Butch, miaka 20 tu, na kichupa kidoleni. Derek amezaliwa 1979, Duane hakumkuta, lakini alilelewa ndani ya sauti hiyo. Yeye kaongeza ya kwake: amesikiliza sana waimbaji na wapigaji wa India na Pakistani, Ali Akbar Khan, Nusrat Fateh Ali Khan, na kwenye kichupa chake unasikia koo la mwimbaji wa kawali, zile nyimbo za Kisufi. Wadau wa Pwani mliokulia na kawali mtalitambua mara moja. Betts walitengana naye 2000, kwa ubaya, na hilo linaniuma kwa sababu bila yeye hakuna "Jessica".

Onyesho la mwisho lilikuwa Beacon, Oktoba 28, 2014. Walipiga seti tatu, wakavuka saa sita ya usiku, kwa hiyo walimaliza tayari ni tarehe 29, siku aliyofariki Duane. Walifunga na "Trouble No More", wimbo wa Muddy Waters, ambao Gregg alisema ndio wa kwanza waliomfanyisha mazoezi alipofika Jacksonville mwaka 1969.

Butch Trucks alifariki Januari 2017, Gregg Mei mwaka huohuo, akazikwa Rose Hill karibu na kaka yake. Betts alipofariki Aprili 2024, kati ya wale sita wa kwanza akawa amebaki Jaimoe.

Mzee wa dansi

Nimefuatilia uzi wote. Lakini mimi nasema, bila Duane hiyo iliyobaki ni bendi nzuri tu. Solo akiondoka, bendi ni nyingine. Tuliona kwa Super Volcano, bendi ya Mbaraka.

Mleta uzi

Mzee wangu, nakuheshimu na hapo sikubaliani nawe. Naomba utafute Hittin' the Note, albamu yao ya mwisho ya studio, ya mwaka 2003. Duane ana miaka 32 kaburini, Oakley hayupo, Betts hayupo. Magitaa ni Haynes na Derek, besi ni Oteil Burbridge. Usisome chochote kuhusu albamu, weka tu wimbo wa kwanza, na usikilize Butch na Jaimoe wanavyoingia. Kisha urudi hapa uniambie kama hiyo ni bendi nyingine.

Mzee wa dansi

Nitumie kiungo. Mjukuu ataniwekea kwenye spika kubwa, hizi za simu hazina besi.